Tusiuze ufundi wetu kwa kilo

Wanunuzi wa mitrai wamefika mpaka ndani ya vijiji vyetu. Wanakuja na mizani, wanauliza kama huna Land Rover inayolala nyuma ya nyumba, kama huna pikipiki ya DT iliyobaki kadre tu. Wanapima, wanalipa, wanapakia, basi. Sisi tunashukuru kwa kuwa tumepata franga ya chumvi na sabuni. Ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, mimi nasema tusimame kidogo, tufikiri.

Kwetu kuna watu wanaopenda vyombo vya zamani. Hawafanyi taxi navyo, hawabebi mizigo ya watu. Siku ya mapumziko wanafungua moteri, wanaosha karibirateri na esansi, wanasugua buji, wanafunga tena. Majirani wanawacheka: "Huyu muzee ameoa chuma!" Mimi ni mmoja wao. Nina Yamaha AG 100, ile pikipiki ambayo watu wazima wote wa kwetu wanaikumbuka chini ya padri au muganga. Sheni yake imefunikwa yote, matope hayaingii. Ina porte-bagage mbele na nyuma. Walioitengeneza walifikiria mashamba na njia mbaya, ni kama walifikiria njia zetu.

Vyombo hivi havikuanguka toka mbinguni. Vililetwa na misioni, na hospitali, na serikali, na makampuni ya mugodi. Wakati wa SOMINKI, iliyozaliwa mwaka 1976, kazi ya mugodi ilikuwa pia kazi ya garaji: wasoderi, watornari, wamekanisie. Kampuni ilipokufa mwaka 1997, na vita ikapita juu yake, magari mengi yaliibiwa au yalilala porini. Lakini akili ya mafundi haikuibiwa. Walirudi nyumbani nayo, wakaifundisha vijana chini ya miembe, kwa gari lolote lililobaki. Ndiyo maana nasema: anayetunza Land Rover ya zamani hachezi tu. Anatunza shule.

Pikipiki mpya za India na China sizisemi vibaya. Ndizo zinatufikisha sokoni na maternite, na zinalisha vijana wengi. Piesi zake ziko katika kila kibanda. Lakini kijana aliyezoea kutoa piesi na kuweka ingine, siku piesi ikikosekana anasema chombo kimekufa. Aliyejifunza juu ya moteri ya zamani hasemi hivyo. Joint ya karteri anaikata katika karton. Tiyo iliyopasuka anaifunga na mpira wa shambreri. Anasikiliza sauti ya moteri mbele ya kuchukua ufunguo.

Na hapo ndipo mambo haya yanahusu sisi watu wa sendika. Kule machimboni, upande wa Salamabila na pengine, mvua ikinyesha mashimo yanajaa maji. Motopompe ikizimika, wachimbaji wana njia mbili: kukaa bila kula, au kuingia shimoni na ukuta umelowa. Wengine wanaingia. Mutu anayeweza kuamsha motopompe siku ile ile, bila kungoja piesi toka Bukavu au Kindu, anaokoa roho za watu. Mutu huyo anatoka wapi? Mara nyingi alitoka katika kiwanja cha muzee mmoja mwenye gari kuukuu.

Sasa tuangalie mitrai inakwenda wapi. Mwili wa Land Rover ya zamani ni wa aliminyumu, haushikwi na kutu. Kwa hiyo unayeyushwa, unakuwa sufuria. Sufuria ni kitu kizuri, wamama wanazihitaji. Lakini pamoja na ule mwili kunakwenda vitesi, dinamo, ponti, vitu ambavyo vingeponyesha gari lingine au kufundishia watoto miaka kumi.

Wengine wanauliza: frais ya shule ya watoto je? Wana haki. Chombo cha kupenda kisile mbele ya watoto. Na asiye na freni nzuri asitoke barabarani kwa sababu ya kujionyesha. Freni kwanza, rangi baadaye. Lakini kutunza si lazima kuwa na mali nyingi. Moteri iliyofunikwa vizuri, iliyotiwa mafuta, inangoja.

Pa Nairobi, toka mwaka 1970, wenye magari na pikipiki za zamani wanakutana katika mashindano yanayoitwa Concours d'Elegance. Pale kuna watu wenye pesa, sisi hatuna habari ya vikombe. Lakini wanaheshimiwa, hawaitwi wajinga.

Mimi naomba mambo matatu. La kwanza, wakubwa wa provensi wafikirie vignette ya bei ndogo kwa chombo cha zamani kisichofanya biashara, na watu wa barriere wasimsumbue muzee mwenye carte rose ya wakati wa Zaïre, bali wamusaidie kuibadilisha. La pili, shule zetu za ufundi, ambako watoto wanachora pistoni kwa choki juu ya ubao, zipewe moteri moja moja. Wewe mwenye moteri iliyolala, usiipeleke kwenye mizani, ipeleke kwa prefe wa shule. La tatu, makampuni yanayokuja kuchimba kwetu, siku yakiondoa magari yake kazini, yakae na sendika na shule kwanza. Jambo hilo tutalidai mezani, kwa maandishi, pamoja na mishahara.

Na wewe kijana unayesoma hapa: juma hili muulize muzee wa jirani kama unaweza kumushikia taa wakati anafungua moteri. Hatakataa.