Barua ya Mheshimiwa Haitakufaa



Binti mmoja niliyemfundisha zamani aliniletea maombi yake ya kujiunga na chuo cha biashara, ngazi ya uzamili, nimsahihishie lugha. Juu kabisa aliweka barua ya mbunge.

"Mheshimiwa anakufahamu?"

"Hapana, Mwalimu. Mjomba anamfahamu dereva wake."

Nilicheka, kisha nikahuzunika. Darasani twakemea upendeleo serikalini. Tukitaka nafasi yetu wenyewe, twauomba upendeleo ule ule. Lakini wanaopima maombi hawatafuti cheo cha aliyeandika. Wanataka kujua amekuona ukifanya nini. Shule ya Biashara ya Harvard hutaka barua mbili za mapendekezo, basi. Ukimpa mojawapo mtu asiyekujua, umeitupa nusu ya ushahidi wako.

Nikaisoma insha yake. "Mimi ni kiongozi shupavu, mwenye maono na bidii." Vivumishi vitupu! Nikamwuliza kazi aliyoifanya Busia, mpakani. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake 34 wauza samaki, na Kiswahili alichojifunza kwa shida ndicho alichozungumza na wanunuzi wa upande wa Kenya. Hilo hakuliandika popote, aliliona dogo.

"Mikopo yote ililipwa?"

Akanyamaza. Saba hawakulipa. Aliwakopesha kwa huruma, bila wadhamini, na mfuko ukapungua hata mgao wa mwisho wa mwaka ukakosekana. Ndipo akashikilia kwamba kila mkopaji alete wadhamini wawili, na kwa muda mrefu wenzake walimnunia.

Hiyo ndiyo insha, nikamwambia. Nawe fanya vivyo hivyo: futa kila kivumishi kinachokusifu, uweke kitenzi na tarakimu, na kosa lako usilifiche. Mapendekezo yaombe kwa aliyekusimamia kazini, tena mapema, si wiki ya mwisho. (Mtihani wa GMAT au GRE nao una siku zake, insha nzuri haizibi pengo la hesabu.)

Binti aliiondoa barua ya mbunge, akamwomba mhasibu aliyekagua vitabu vya kikundi. Mjomba wake hajanisalimu tangu siku hiyo.