Pedi tunafunga kwenye gazeti, tarehe tunagawa bure

Jamani, leo tuongee habari za hedhi. Akina kaka msikimbie, mna dada na wachumba, inawahusu.

Mwezi uliopita nilikuwa Kariakoo kubadilisha kioo cha simu. Fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey akaniomba namba ya siri ili ajaribu kama kioo kipya kinashika. Nikamtajia, nikaenda zangu kununua mahitaji. Duka la kwanza nikachukua pedi. Muuzaji, bila hata kuambiwa, akaifunga kwenye gazeti kama anaficha bangi. Nikarudi kwa fundi.

"Sista, simu yako tayari."

Kioo kinang'aa, na katikati yake pameandikwa kwamba siku zangu zinatarajiwa kuanza kesho. Vijana watatu wa pale kibandani walikuwa wameshasoma. Mmoja alikuwa anajizuia kucheka.

Njiani nikajiuliza, hivi tunaficha nini na tunamficha nani? Pakiti ya pedi haisemi lolote juu yangu zaidi ya kwamba mimi ni mwanamke, nayo tunaifunga gazeti. Lakini programu ya simu naiambia siku niliyoanza, siku nilizochelewa, usiku niliolala na mtu, na kama mimba naitafuta au naiogopa. Wenye programu yenyewe siwajui, na masharti yao nilikubali bila kusoma.

Nadhani tunachanganya aibu na siri. Hedhi siyo aibu. Ila tarehe zangu ni siri yangu, maana yake mimi ndiye ninayeamua nani ajue. Nyumbani na shuleni tulifundishwa aibu sana, siri hatukufundishwa.

Na hii siyo hofu ya vijiweni. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliituhumu Flo, programu ya hedhi yenye mamilioni ya watumiaji, kwamba iliahidi kutunza siri za wanawake huku ikipeleka taarifa zao kwa kampuni kama Facebook na Google. Wakamalizana kwa makubaliano, Flo bila kukiri kosa. Agosti 2025 jopo la mahakama huko California likaamua kwamba Meta, wenye Facebook, ilivunja sheria ya jimbo hilo kwa kuchukua taarifa za watumiaji wa Flo bila ridhaa yao. Meta ilipinga.

Utasema hayo ya Marekani. Haya, tuje kwetu. Kanuni ya Adhabu yetu inaweza kumpeleka mwanamke jela hadi miaka 7 kwa kutoa mimba. Sasa fikiria simu yenye rekodi ya mwezi uliochelewa, mkononi mwa mpenzi mliyegombana. Kuchelewa kunaweza kuletwa na mawazo tu au ugonjwa, lakini mtu mwenye hasira hasubiri maelezo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Ni hatua nzuri, nami naipongeza. Ila Tume haitakuwepo kibandani unapomtajia fundi namba ya siri.

Kwa hiyo tuanze wenyewe. Zipo programu kama drip na Euki zinazotunza kumbukumbu ndani ya simu yako tu. Ukitumia nyingine, usiweke jina lako kamili, zima ujumbe unaotokea kwenye kioo kilichofungwa, na kataa isijue ulipo. Ukiichoka, futa kwanza akaunti, maana kuondoa programu kwenye simu hakufuti kilichobaki kwao. Na kwa fundi kaa pale pale, fungua simu kwa mkono wako, ajaribu kioo ukiangalia. Mimi siku hizi nimerudi kwenye kalenda ndogo ya karatasi, naweka nukta tu. Anayeiona hajui ni ya nini.

Yule fundi simlaumu sana, namba nilimpa mwenyewe. Je, wewe umeshampa nani ya kwako?

Naomba kuwasilisha.