Hija ya jua kali na nadhiri ya kutokunywa maji

Agosti 2025 mamlaka za Hispania zilifunga kipande cha kilomita kama 50 cha Njia ya Mtakatifu Yakobo, kati ya Astorga na Ponferrada, kwa sababu ya moto wa misitu. Nchi ilikuwa kwenye wimbi la joto la zaidi ya wiki mbili, na katika maeneo mengi kipimo kilipita nyuzi 40. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2024, ndugu zetu Waislamu walikuwa Makka katika joto lililopita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, ikaeleza kuwa zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia.

Ninazikumbusha habari hizi kwa sababu mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Compostela. Huwa hivyo kila sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, inapoangukia Jumapili, na mara ya mwisho ilikuwa 2021. Wengi watataka kuwa Santiago siku hiyo hiyo. Maana yake watatembea Julai, katikati ya majira ya joto.

Parokiani kwangu wamejitokeza wanne. Mmoja ni mama mjane wa miaka 67 ambaye amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo tangu mumewe alipofariki. Anatumia dawa za presha. Alikuja ofisini akaniambia ameweka nadhiri: kila siku ya safari atatembea bila kunywa maji hadi saa sita mchana, kwa ajili ya kijana wake aliyeacha sakramenti. Nilipotaka kusema neno, akanikatiza kwa upole: "Baba, Yesu aliona kiu msalabani. Mimi ni nani nisione?"

Nilimwomba anipe wiki moja.

Ndugu msomaji, nadhiri ya namna ile si jambo la kuchekwa. Ni mama anayemlilia mwanawe. Lakini pia najua jua lile lilivyo, kwa sababu nilipokuwa masomoni Ulaya nilitembea sehemu ya njia hiyo mwezi Julai. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na kiburi cha mtoto wa Dodoma. Nani anifundishe jua? Baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kilomita 17 ambazo hazina kijiji, karibu hazina mti, ni barabara ya kale ya Warumi iliyonyooka katikati ya mashamba ya ngano. Nilichelewa kuondoka na nilikuwa na chupa moja ya lita moja. Nilipofika nusu ya njia kichwa kilinigonga, nikaanza kutetemeka kama mwenye malaria. Mzee mmoja Mjerumani alinikalisha chini, akanifunika kichwa kwa kitambaa kilicholowa, akanipa maji yake na biskuti za chumvi. Hakunihubiria. Alikaa nami mpaka nikasimama.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Sisi tumezoea kuwa jua kali ni la saa sita. Kule, majira ya joto, saa za ukutani zimesogezwa mbele sana, hivyo jua huwa utosini saa nane na dakika kama ishirini mchana, na joto hufikia kilele karibu saa kumi na moja jioni. Jua lenyewe huzama saa nne usiku! Mtu wa Afrika Mashariki anayejiambia kwamba saa tisa jua limeshapoa na anaweza kuanza safari, anaingia tanuruni. Wenyeji huondoka saa kumi na moja alfajiri, na saa saba wamefika, wameoga, wamelala.

Kosa la pili lilikuwa la jasho. Dar es Salaam au Mombasa shati linalowa na unajua unapoteza maji. Katika hewa kavu ya Castilla jasho hukauka kabla hujaliona, unajiona uko salama, kumbe mwili unaisha. Na maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yana hatari yake, ndiyo maana pakiti mbili tatu za ORS ziwe begini. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, usimwambie avumilie na kuanzisha rozari. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, ita msaada. Rozari isaliwe wakati mnamhudumia.

Wapo watakaosema: Padri, sasa unageuza hija kuwa utalii. Hija ni toba, na toba bila mateso ni nini? Hoja hii naiheshimu, na nimeisikia hata kutoka kwa mapadri wenzangu. Jibu langu ni kwamba njia yenyewe ina mateso ya kutosha: malengelenge, kukoroma kwa watu ishirini katika chumba kimoja, upweke, na dhambi zako zinazokurudia kichwani siku ya nne. Hayo yapokee. Lakini kuyatafuta mateso kwa uzembe ni jambo jingine. Shetani alipompandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu alimwambia ajitupe, maana malaika watamdaka. Alitumia hata zaburi. Yesu alikataa kumjaribu Mungu.

Kanisa la kale halikuona aibu kushughulikia miguu na matumbo ya mahujaji. Kitabu cha karne ya 12 kiitwacho Codex Calixtinus kinamweleza msafiri wa Santiago mito ipi maji yake ni salama na ipi inaua farasi. Na Mtakatifu Dominiko wa Calzada, aliyefariki mwaka 1109, alikuwa amekataliwa na watawa. Akabaki porini akijenga barabara, daraja na nyumba ya kuwapokea mahujaji. Utakatifu wake ulipita kwenye mawe na chokaa, na leo wahandisi wa barabara wa Hispania wanamwita msimamizi wao. Kwetu hapa, parokia zinazowafungulia milango na kuwapikia uji watembea kwa miguu wa Namugongo kila kuelekea tarehe 3 Juni zinafanya kazi ile ile.

Wiki ilipokwisha nilimwita mama. Nilimsomea habari za Eliya alipojilaza chini ya mti jangwani akiomba afe. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini hadi Horebu. Kisha tukarudi kwenye kiu ya Yesu. Nilimwonyesha kwamba msalabani hakuificha, aliitamka mbele ya watu na akakipokea kile kilichosogezwa kinywani mwake. Na pale kisimani Samaria, adhuhuri, alipochoka aliketi na kumwomba maji mwanamke asiyemjua.

Alikaa kimya muda mrefu. "Sasa nadhiri yangu, Baba?"

Sheria ya Kanisa inampa paroko uwezo wa kumfungua muumini wake kutoka nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, na inamruhusu aliyeiweka aibadilishe kwa jema lililo sawa au kubwa zaidi. Viongozi wa jumuiya wanaoandaa safari hizi walijue hilo, kwa sababu watu huficha nadhiri zao mpaka wanapoanguka njiani. Tulikubaliana kwamba kila atakapokunywa maji, atasali kumi moja la rozari kwa ajili ya kijana wake. Kwa kiasi cha maji anachotakiwa kunywa, rozari zitakuwa nyingi.

Tulikubaliana mengine pia. Atakwenda Mei badala ya Julai, maana Mlango Mtakatifu uko wazi mwaka mzima na neema haingoji tarehe 25. Atatembea zile kilomita mia na kidogo za mwisho, kutoka Sarria, zinazotosha kupata cheti cha hija. Kabla ya hapo atamwona daktari, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo na kipimo kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Viatu ameshanunua, namba moja zaidi kwa sababu miguu huvimba. Kila asubuhi anavivaa kuja misa ya kwanza, na mgongoni ana begi lenye kilo tano za mchele. Jumanne iliyopita kijana wake alimsindikiza kumbebea begi. Aliishia getini.