Mwizi wa Kompyuta na Nyumba ya Jirani

Mwaka 2017 Tom Graves, mjumbe wa Bunge la Marekani kutoka Georgia, alipeleka mswada wa kumruhusu mwenye kompyuta iliyoshambuliwa amfuate adui yake hata ndani ya kompyuta nyingine. Aliurudisha mwaka 2019. Haukupita, na sheria ya nchi ile ya mwaka 1986 yakataza bado kuingia kompyuta ya mtu bila idhini.

Sisi twasema ni heri haukupita. Uchungu wa aliyeibiwa twaujua. Lakini mwizi huyu hujificha nyumbani mwa jirani. Oktoba 2016, programu iitwayo Mirai ilikwisha teka kamera na vifaa vingi vya mtandao majumbani mwa watu, na kwa hivyo ikapigwa kampuni ya Dyn, hata Twitter na Netflix zikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Je, mlipa kisasi angempiga nani?

Tena, mwenye uwezo wa kulipiza ni tajiri. Atakayeumia kwa makosa ni zahanati, chama cha ushirika, au mfanyakazi mwenye kompyuta moja.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo yakataza kuingia bila haki. Isilegezwe. Bali polisi wapewe mafunzo na vifaa, na mlalamikaji asikilizwe upesi. Mnyonge asiposikilizwa, hujichukulia sheria mkononi. Na hapo hapana sheria tena.