Msasa Wao Unang'arisha Tu

Fundi seremala yeyote wa Shanzu atakwambia kazi ya msasa ni kulainisha. Upitishe kwenye ubao ulioliwa na mchwa, ubao utang'aa, mteja atalipa, na kitanda kitavunjika kabla mwaka haujaisha. Ukitaka kujua kama ndani kuna mchwa, unagonga, unasikiliza, ikibidi unatoboa. Kwa hivyo redio ikitangaza kwamba mawaziri wateule "wanapigwa msasa" bungeni, mimi huona mtangazaji amesema kweli bila kukusudia. Wanang'arishwa.

Kila Rais akitaja baraza jipya tunagombana vilevile, kwa hivyo wacha niseme wazi. Hiki tunachokiita uchunguzi wa maadili ni hesabu ya vichwa vya vyama. Na sisi vijana wa Pwani tunawasaidia, kila tunapouliza "ni wetu?" kabla ya kuuliza "ni msafi?"

Katiba ya 2010 ilitupa kitu kizuri. Kifungu cha 152 kinasema Rais anateua waziri, lakini hawezi kumweka kazini mpaka Bunge la Taifa liidhinishe. Sura ya Sita inataka kiongozi achaguliwe kwa uadilifu na uwezo wake. Halafu sheria ya mwaka 2011 kuhusu uteuzi unaopitia bungeni ikaeleza kamati iangalie nini: masomo, ujuzi wa kazi, uadilifu na historia ya mtu. Uadilifu umeandikwa humo, haukuwekwa kama pambo.

Sasa hebu tuangalie waliokwama ni akina nani. Mwaka 2015 wabunge walimkataa Monica Juma, aliyeteuliwa kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Kosa lake? Walilalamika kwamba ana madharau, hapatikani wabunge wakimtafuta. Yeye alikuwa amewahi kuandika barua kulalamikia wabunge wanaomiminika ofisini kwake kuomba fadhila. Mwaka 2018 Bunge likamwidhinisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kana kwamba madharau yalikuwa mafua tu, yameshapona. Oktoba 2022 kamati ilimkataa Penina Malonza, ikisema hakuonyesha ujuzi wa kutosha wa wizara. Bunge zima likamrudisha. Agosti 2024 wateule walikuwa 20, akaanguka mmoja, Stella Soipan Lang'at, kwa sababu hiyohiyo ya ujuzi. Wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyekwama kwa sababu ya pesa za umma.

Waliopita je? Wacha nianze na jirani zetu wa Kilifi, ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Aisha Jumwa alipoketi mbele ya kamati mwaka 2022 alikuwa bado anakabiliwa na shtaka la mauaji yaliyotokea Ganda, Malindi, Oktoba 2019, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo. Mwaka 2020 alikuwa ameshtakiwa pia kuhusu pesa za mfuko wa maendeleo wa eneobunge la Malindi. Yote aliyakana, na hadi leo hakuna mahakama iliyompata na hatia. Upinzani ukapiga kelele za uadilifu, upande wa serikali ukasema zile kesi zilipikwa na utawala uliopita. Kura zikahesabiwa, akapita.

Hapo ndipo huwa nakasirika. Kama kesi zile zilipikwa, basi kuna maofisa waliomtesa mwanamke asiye na kosa kwa sababu ya kambi yake ya siasa, na hakuna aliyewauliza. Kama hazikupikwa, kuna familia Ganda inayosubiri haki. Bunge lilikuwa na nafasi ya kutaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Halikutaka kujua. Lilitaka kujua nani ana wabunge wengi.

Na wa kwetu Mombasa? Machi 2017, Hassan Joho akiwa gavana na mpinzani mkali wa Jubilee, polisi walimchunguza kuhusu cheti chake cha KCSE. Akasema ni siasa. Hajawahi kutiwa hatiani. Naibu Rais wa serikali ile alikuwa William Ruto. Miaka saba baadaye Ruto huyohuyo, sasa Rais, akamteua Joho kuwa waziri wa madini na uchumi wa baharini, na Bunge likaidhinisha. Nauliza tu: faili la 2017 lilikuwa la kweli au la uongo? Kama lilikuwa la uongo, Joho anadaiwa msamaha hadharani. Kama lilikuwa la kweli, sisi ndio tunadaiwa jibu. Faili linalofunguka mtu akiwa mpinzani na kunyamaza akiwa rafiki si faili la maadili. Ni kamba ya mbuzi.

Usidhani hili ni tatizo la upande mmoja, bana. Februari 2018, NASA walisusia kabisa kuwahoji mawaziri wa Uhuru Kenyatta kwa sababu hawakumtambua kama Rais. Yaani kazi ya kuuliza maswali waliiacha mezani. Kiongozi wa Wachache wakati huo alikuwa John Mbadi. Mwaka 2022 kiti hicho alikalia Opiyo Wandayi, na Kiongozi wa Wachache huketi kwenye Kamati ya Uteuzi. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Ruto alivunja baraza. Waliorudi kuhojiwa Agosti ni pamoja na Mbadi na Wandayi, safari hii wakiwa upande wa kuulizwa, na chama chao ndicho kilichotakiwa kuuliza maswali magumu. Karibu nao wameketi baadhi ya mawaziri waliofutwa wiki chache kabla: Kindiki, Duale, Wahome. Mtu atobolewe na nani hapo?

Najua jibu la mawakili: mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Kweli, na nisingetaka nchi isiyo na kanuni hiyo. Lakini kanuni hiyo inakulinda usifungwe jela, haikupi kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na siku ambazo uandishi haulipi napiga chapa barua za kazi za vijana wa mtaa wetu. Kijana anayetaka kazi ya serikali, hata ya kupeleka barua, anaambiwa alete karatasi: cheti cha tabia njema cha DCI, KRA, HELB, EACC, na CRB kuonyesha halipwi deni lake vipi. Kwa cheti cha DCI pekee anatoa zaidi ya shilingi 1,000 kabla hajalipwa hata senti. Jina likiwa na doa, hakuna chama kitakachosimama kusema amepikiwa. Anaambiwa ajaribu mwakani.

Mawaziri wateule nao huulizwa. Kamati huziandikia EACC, KRA na wengine. Tofauti ni kinachofanyika jibu likiwa na harufu. EACC ilimkamata Wycliffe Oparanya Agosti 2023 kuhusu pesa za Kaunti ya Kakamega. Alikana. Baadaye ofisi ya mashtaka ikaamua asishtakiwe, na Agosti 2024 akaapishwa kuwa waziri. Labda hana kosa kabisa. Lakini taasisi mbili za serikali zilikuwa zinavutana juu ya mtu mmoja, na Bunge halikuzikalisha chini mpaka wananchi waelewe.

Nilipoyasema haya maskani, mzee mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa akanijibu, "Mwanangu, wa bara wakigawana huwaoni wakitoboana. Sisi tukipata mmoja, nyinyi watoto wetu ndio wa kwanza kumchimba."

Nikamwambia, "Mzee wangu, nakuelewa." Na kweli namwelewa. Mtu aliyeishi Pwani akaona ardhi ya ufuo ikienda kwa wenye vyeo na kazi za bandari zikigombaniwa kutoka mbali, ana haki ya kutamani kiti mezani. Lakini kiti ni cha nani? Wizara ya uchumi wa baharini ni ya mvuvi anayetoka na ngalawa hapa Shanzu akipita mbele ya hoteli. Waziri akiharibu, anayelala njaa ni mvuvi huyo, si mtu wa bara. Kwa hivyo kama kuna mteule ambaye sisi Wapwani tulipaswa kumtoboa kwa maswali, ni huyo wa wizara yetu. Tukampigia vigelegele badala yake.

Nataka mambo matatu. La kwanza, suala la uadilifu limalizwe kabla ya jina kufika kwa wanasiasa: EACC, DCI na ofisi ya mashtaka zichapishe hadharani kila faili lililo wazi la mteule, liko hatua gani, na likifungwa lifungwe kwa sababu zilizoandikwa. La pili, kura ya kuidhinisha waziri ipigwe kwa majina. Ile "ndiyooo" ya pamoja ni blanketi, huwezi kujua mbunge wako wa Kisauni alisema nini chini yake. La tatu, ushahidi wa wananchi upokelewe kwenye kaunti. Sheria ya 2011 inamruhusu mtu yeyote kumpelekea Karani wa Bunge hati ya kiapo kupinga mteule kabla ya kuhojiwa. Mtu yeyote, hata wewe unayesoma haya ndani ya matatu ya Mtwapa. Lakini Karani yuko Nairobi, na siku zenyewe ni chache.

Hati ya kiapo haihitaji digrii. Inahitaji jambo unalolijua wewe mwenyewe, tarehe, sahihi, na muhuri wa kamishna wa viapo, na hao hawakosekani karibu na mahakama yetu ya Shanzu. Orodha ijayo ikisomwa, kama una ushahidi, njoo nitakupigia chapa bure. Lakini ukija na ushahidi dhidi ya mtu wa chama kingine tu, kabla sijawasha kompyuta nitakuuliza: na wako je?