Shaba ya Kilwa na Kichwa cha Kaisari

Wapo wasomi wadaio kwamba sarafu za shaba za Kilwa ni maskini, kwa kuwa hazina sura ya mtu. Kipimo chao ni Rumi: kichwa cha Kaisari upande mmoja, na upande wa pili mungu, jengo, au adui aliyeshindwa. Dai hilo lastahili kukataliwa, hata huko Iyula, kwenye nyanda za Mbozi zilizo mbali na bahari.

Sura ya Kirumi haikuwa pambo. Katika sarafu za shaba za Kaisari Vespasiano, zilizopigwa tangu mwaka 71 baada ya Yerusalemu kuanguka, mwanamke ameketi chini ya mtende akiomboleza: ndiye Uyahudi. Kila aliyenunua mkate kwa sarafu hiyo alipitisha mkononi habari ya nani amepiga na nani amepigwa. Mafundi walikuwa hodari, hilo halina ubishi.

Nyanda za Mbozi ziliujua mtindo huo bila kusoma Kilatini. Kodi ya nyumba waliyoitangaza Wajerumani mwaka 1897 ilihesabiwa kwa rupia, na juu ya rupia alikuwapo Wilhelm wa Pili, Kaisari naye kwa cheo, chapeo kichwani. Kisha Waingereza wakaweka taji upande mmoja wa senti zao zenye tundu, na upande wa pili pembe za ndovu; pengine ndiyo picha ya kweli kuliko zote, maana ilionyesha kilichokuwa kikichukuliwa.

Sasa itazamwe shaba ya Kilwa. Upande mmoja pana jina la Ali bin al-Hasan; upande wa pili pameandikwa kwamba humtumaini Mola mwenye fadhila. Pande hizo mbili zimefungwa kwa kina kimoja, hata msomaji hana budi kuigeuza sarafu ili aupate mshororo wa pili. Huo ni utungo; lakini wafundishao ushairi wa pwani huanza na miswada, shaba wakaiachia makumbusho.

Watajibu kwamba lugha yake ni Kiarabu. Naam, ni Kiarabu, kama Kilatini kilivyokuwa lugha ya wasomi wa Ulaya, wala hakuna Mwingereza anayekitupa kilichotungwa kwao kwa Kilatini.

Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, senti tano ya shaba ilipewa kichwa cha Rais upande mmoja na samaki upande wa pili. Mfano wa Kilwa ulikuwapo. Uliofuatwa ni wa Rumi.