Kiingereza cha Juma: «On time» na «in time»

Juma hili tunatazama maneno ambayo watoto wetu wa sekondari wanayachanganya kila mara katika kazi za nyumbani: «on time» na «in time». Yanaachana kwa herufi moja tu, na kwa Kiswahili yote mawili tunayasema «kwa wakati». Ndiyo sababu mtoto anafikiri ni kitu kimoja. Lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaweza kumsaidia haraka: «on time» ni «à l'heure», na «in time» ni «à temps».

«On time» inahitaji saa au tarehe iliyopangwa. Mkutano wa AVEC umepangwa saa nane, na saa nane unaanza: «The meeting starts on time.» Deni lilipaswa kulipwa tarehe 30, na mama akalilipa tarehe 30: «She paid on time.»

«In time» ni kufika kabla jambo halijaharibika, hata kama hakuna aliyepanga saa. Maharagwe yanakaukia juu ya mbabula, mtoto anakimbia na kuongeza maji kabla hayajaungua: «He came in time.» Mara nyingi Kiingereza kinaongeza ni kwa ajili ya nini. Kama ni kitendo, tunasema «in time to»: «You came in time to help me», umekuja ungali unaweza kunisaidia. Kama ni jina la kitu, tunasema «in time for»: «We paid in time for the exam», tumelipa kabla ya mtihani.

Kuna njia rahisi ya kuyatofautisha: tafuta kinyume chake. Kinyume cha «on time» ni «late», yaani umechelewa. Kinyume cha «in time» ni «too late», yaani umechelewa hata haifai tena. Basi mtu anaweza kuwa «late» na bado akawa «in time». Mama aliyefika kwenye AVEC saa nane na nusu ni «late», na atatoa faini yake. Lakini kama sanduku halijafungwa, amefika «in time» kuweka akiba. Wazee walisema: Kawia ufike.

Wamama, tofauti hii inatuhusu hata nje ya daftari. Mara nyingi tunasikia mmoja wetu akisema: «Nimekwisha kuchelewa, sasa niende kufanya nini?» Hapo amegeuza «late» kuwa «too late».

Tutazame chanjo. Mtoto anapaswa kuchanjwa akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Anayefuata tarehe hizo yuko «on time», na hiyo ndiyo njia bora. Lakini kama mlikuwa mmekimbia vita, au mama alikuwa mgonjwa, na mtoto sasa ana mwaka mmoja bila chanjo ya surua, usikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Mpeleke kwenye kituo cha afya pamoja na fishi yake. Amechelewa, lakini akichanjwa kabla ugonjwa haujamfikia, yuko «in time».

Jambo la pili ni zito, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila kikundi. Mwanamke au msichana aliyebakwa anapaswa kufika kwa muuguzi haraka iwezekanavyo. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya masaa 72, ni kusema siku 3, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka masaa 120, siku 5. Hapa hakuna «on time», kwa sababu hakuna aliyepanga. Kuna «in time» tu. Tusimshike nyumbani siku mbili tukingoja familia ikutane na kuamua.

Na kama siku hizo zimekwisha kupita, bado aende. Vidonda vyake, magonjwa mengine ya zinaa na uchungu wa moyo wake bado vina matibabu. Kwa dawa moja amechelewa, lakini kwa kutunzwa hajachelewa. Tusimwambie kamwe «too late».

Zoezi la juma: mpe mtoto wako sentensi hizi, ajaze «on» au «in».

1. «School starts at 7:30. Please be ___ time.»
2. «We arrived ___ time to see the nurse before she left.»
3. «The bus leaves at six. Today it left ___ time.»

Majibu: 1. on, 2. in, 3. on. Akikosa, usimpige. Mwulize tu: «Kuna saa iliyopangwa, au tunaogopa jambo lisituharibikie?» Atapata jibu mwenyewe.

Juma njema, wamama.